Uzito Unaomfaa Mwanamume kwa Kimo Chake
Mkulima wa pamba wa Mwandoya hujua uzito wa kila mzigo aupelekao mizanini, ilhali wake mwenyewe huenda hajaupima. Hesabu ni nyepesi: zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huohuo, kisha gawa kilo zako kwa jibu hilo. Shirika la Afya Duniani huhesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa siha. Mwanamume wa mita 1.70, basi, awe baina ya kilo 54 na 72. Kipimo hiki hakitenganishi misuli na mafuta. Hivyo pima na kiuno: kikizidi sentimita 94, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huongezeka. Ndugu Waislamu, kitambi si alama ya neema. Mtume (S.A.W.) ametufunza theluthi ya chakula, ya maji na ya pumzi. Mwili ni amana.