Nyuso Maarufu na Usawiri wa Wahusika katika Filamu za Maafa za Hollywood

Baina ya mwaka wa 1970 na 1980, Hollywood ilitoa filamu kadhaa zenye msuko unaofanana: maafa huwafika watu waliokusanyika mahali pamoja, nao wengi wao huigizwa na waigizaji mashuhuri. Airport (1970), iliyotokana na riwaya ya Arthur Hailey, ilifungua njia. Ikafuatwa na The Poseidon Adventure (1972), kisha The Towering Inferno na Earthquake, zote za 1974. Aghalabu filamu hizi hubezwa kwa hoja kwamba wahusika wake ni bapa. Hoja hiyo ina ukweli, ila haielezi kwa nini hadhira huguswa mhusika bapa anapokufa.

Jibu limo katika uteuzi wa waigizaji. Filamu yenye wahusika kumi wakuu haina wasaa wa kumjenga kila mmoja wao jinsi riwaya ifanyavyo. Fred Astaire anapojitokeza katika The Towering Inferno akiwa tapeli mzee, mtazamaji haoni tapeli tu, bali pia yule mcheza dansi aliyevuma tangu miaka ya 1930. Kumbukumbu ya hadhira ndiyo inayokamilisha usawiri. (Fanani wa ngano naye hamwelezi Sungura, humtaja tu.)

The Poseidon Adventure ndiyo inayoutumia mtindo huu kwa ukatili zaidi. Meli inapinduliwa na wimbi usiku wa kuamkia mwaka mpya, na manusura wanalazimika kupanda kuelekea kitako cha meli, ambacho sasa kimekuwa juu. Waigizaji wake watano walikuwa wamekwisha kushinda tuzo ya Oscar. Gene Hackman alikuwa ameipokea mwaka huohuo wa 1972. Mtazamaji aliyezoea kuona nyota akiokoka hutulia. Kumbe Belle Rosen, anayeigizwa na Shelley Winters, anakufa kwa maradhi ya moyo punde tu baada ya kumwokoa Mchungaji Scott majini. Naye Scott, yaani Hackman mwenyewe, anaangamia wenzake wakiwa karibu kuokolewa. Kati ya kumi walioanza safari hiyo, sita ndio wanaotoka hai. Hivyo basi, taharuki haitokani na swali la iwapo maafa yatatokea, bali nani atakufa, na umaarufu wa mwigizaji humpa mtazamaji matumaini ya uongo.

Mbinu hii ilichakaa upesi. The Swarm (1978) na When Time Ran Out (1980) zilikuwa na majina makubwa tele, lakini hazikufua dafu. Mwaka huohuo wa 1980, tashtiti iitwayo Airplane! iliugeuza utanzu mzima kuwa kichekesho. Miongoni mwa waigizaji wake alikuwamo Leslie Nielsen, aliyekuwa nahodha wa Poseidon, akitamka upuuzi kwa uso uleule mzito.