Jambazi Mkuu wa Tokyo Vice ni Daftari la Madeni

Waulize wapenzi wa tamthilia za uhalifu, watakuambia jambazi wa Tokyo Vice ni Tozawa, bosi wa yakuza (magenge ya Kijapani) mwenye ini bovu. Mimi nawabishia. Jambazi ni daftari la madeni.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Aprili 2022, ikakomea vipindi 18 mwaka 2024. Imetokana na kitabu cha Jake Adelstein, Mmarekani aliyeajiriwa na gazeti la Yomiuri Shimbun mwaka 1993 kuandika habari za uhalifu. Polisi na magenge wamo tele, lakini utamu na uchungu wake vimo ndani ya klabu wanakohudumu Samantha na Polina. Kazi yao ni kumwashia mteja sigara, kumchanganyia wiski na maji, kucheka hadithi aliyokwisha kuisimulia mara tatu. Hakuna aliyefungwa kamba. Ila Polina anampenda kijana aitwaye Akira, mapenzi yanamwingiza kwenye deni, na deni linamfikisha kwenye meli asikotoka hai.

Hayo si ya kubuni tu. Katika klabu za aina hiyo, mteja akinywa kwa mkopo kisha akatoweka, bili yaweza kumwangukia mhudumu. Mwaka 2004 Wafilipino zaidi ya 80,000 waliingia Japani kwa viza ya wasanii, wengi wao wanawake walioishia kwenye baa. Marekani ikaiweka Japani kwenye orodha ya uangalizi kuhusu biashara ya binadamu, na mwaka uliofuata Japani ikakaza masharti ya viza hiyo.

Sisi wa Makenke huku Mbarara, Uganda, majirani wa kambi ya Divisheni ya Pili ya jeshi, pamoja na ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hesabu hiyo ya deni tunaifahamu. Wakala huja na maneno matamu: kazi ya hoteli Dubai, nauli juu yangu, utanirudishia polepole. Septemba 2025 BBC ilitoa uchunguzi kuhusu wasichana wa Uganda waliopelekwa Dubai kwa ahadi za namna hiyo, wakasukumwa kwenye ukahaba. Mmoja alieleza kwamba aliambiwa anadaiwa zaidi ya pauni 2,000 za tiketi, viza, malazi na chakula. Baada ya wiki mbili deni lilikuwa maradufu. Huyo angelipa lini?

Uganda ina sheria ya mwaka 2009 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, na kampuni ya kupeleka watu kazini nje lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Basi dada yangu, kabla hujamkabidhi mtu pasipoti, mwombe leseni, usome mkataba, uulize nauli inakatwaje na pasipoti atakaa nayo nani. Akikuambia hayo mtayazungumza mkishafika, usiende.