Ua la sapatu nusura linikoseshe mchumba!

Kuna watu wanatapeliwa viwanja. Mimi nilitapeliwa jina la ua!

Basi bwana, nilikuwa nasaka zawadi ya bethidei ya mchumba wangu. Muuza maua mmoja hapa Dar akanionyesha picha ya okidi ya sapatu, ile ambayo petali yake ya chini imefumba kama ncha ya sapatu. Mche wenyewe ulikuwa majani tu, na lebo yake. "Braza, hii ni callosum ya Thailand. Joto ndiyo kwao!" Nikamwaga mshiko wa makala tatu.

Mwaka ukakatika, ua hakuna. Bibie akaanza vijembe: "Hivi uliniletea ua au mchicha?"

Nikaubeba mche hadi kwa jirani, bwana shamba mstaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakuuzia hii? Callosum majani yake yana mabaka, haya ni kijani kitupu. Nadhani ni insigne, ya milima ya India. Bila usiku wa baridi haichanui."

Kumbe! Tukampelekea mama mkwe mtarajiwa, Lushoto. Baridi ya Julai ilipopita, akapiga simu: "Mwanangu, ua lako limefunguka!" Kijani-njano, madoa ya kahawia, ncha nyeupe juu. Insigne kabisa.

Sasa wewe usiingie mkenge. Dai majina yote mawili: la ukoo, Paphiopedilum, na la pili. Ukikuta Cypripedium insigne, ni huyohuyo kwa jina la zamani. Kagua majani: yenye mabaka kwa kawaida hupenda joto; ya kijani kitupu mengi hupenda ubaridi, ingawa si yote. Uliza pia kama mche umeoteshwa bustanini, maana mkataba wa CITES unakataza biashara ya kimataifa ya okidi hizi zilizong'olewa porini.

Nyumbani, weka kivulini, kwenye vipande vya magome ya msonobari, siyo udongo. Usiache ikauke kabisa, wala isiogelee. Chipukizi likishachanua halirudii, lakini usiling'oe: watoto huota pembeni.

Bibie kanisamehe. Ila mama mkwe kagoma kurudisha ua. Eti hiyo ni sehemu ya mahari!