Machakos: Si kila homa ni malaria

KATIKA Kikamba malaria huitwa ndetema, yaani ugonjwa wa kutetemeka. Jina hilo hutaja dalili moja tu. Mtu akitetemeka kwa homa, wengi huamini wamekwisha kujua anaugua nini.

Hata hivyo, mji wa Machakos uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi huchelewesha vimelea vya malaria kukua ndani ya mbu. Kwa hiyo hatari ni ndogo, ingawa sehemu za chini zenye joto, kama Masinga na Yatta, humfaa mbu zaidi baada ya mvua.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulipima watoto wa kati ya miezi sita na miaka 14. Asilimia 19 walipatikana na vimelea katika ukanda wa Ziwa Victoria, na asilimia 5 Pwani. Maeneo ya hatari ndogo hayakufikia asilimia 1.

Anayeishi karibu na ziwa huumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake hujijengea kinga kiasi. Mkazi wa Machakos hana kinga hiyo. Akienda Kisumu au Kwale kwa matanga au biashara, malaria yaweza kumlemea hata akiwa mtu mzima mwenye nguvu. Mzaliwa wa ziwani aliyehamia Machakos naye huipoteza kinga yake kadiri miaka inavyopita.

Tafsiri ya ugonjwa pia hutofautiana. Huko Bagamoyo, Tanzania, watafiti wa miaka ya 1990 walikuta wazazi wengi wakidhani degedege husababishwa na shetani, wala si malaria. Mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga, na muda wa kumwokoa ukapotea.

Machakos kosa huwa la namna mbili. Mmoja hununua dawa za malaria kwa kila homa, huku nimonia au homa ya matumbo ikiendelea kumla. Mwingine, akitoka safarini, huidharau homa akidhani ni mafua.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limehimiza damu ipimwe kabla ya dawa kutolewa. Mwenye homa na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na amweleze mhudumu alikosafiri majuma ya karibuni. Anayekwenda ziwani au Pwani alale ndani ya chandarua chenye dawa, hasa mjamzito na mtoto mdogo.