Hazina ya Mwaka 1715: Upepo Ndio Mchimbaji (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 1715, kimbunga kilipozikumba meli za Hispania zilizotoka Havana zikiwa zimesheheni dhahabu na fedha ya Amerika. Meli 11 zilipotea kwenye pwani ya mashariki ya Florida. Watu wapatao 1,000 walikufa, akiwemo kiongozi wa msafara, Juan Esteban de Ubilla. Ilipona moja tu, Griffon ya Wafaransa. Leo nataka kueleza kwa nini sarafu za meli hizo bado zinaokotwa ufukweni baada ya miaka 300, na kwa nini mtu mwenye mashine nzuri ya kutambua metali anaweza kutembea kutwa nzima akarudi mikono mitupu.

Jibu limo mchangani. Miezi ya joto mawimbi ya Florida huwa madogo, nayo huusukuma mchanga pwani taratibu hadi ufukwe unanenepa. Ikifika miezi ya baridi, upepo wa kaskazini-mashariki ukivuma siku mbili tatu mfululizo, tena wakati wa bamvua, bahari huupora mchanga ule ule iliouleta. Asubuhi yake unakuta ufukwe umekatwa wima kama kingo za mto, ukuta wa mchanga ukikufika kiunoni. Mvuvi wa Lamu au Bagamoyo hahitaji kuelezwa sana hapa, maana anajua kuwa ufukwe wa kusi si ufukwe wa kaskazi.

Sasa fikiria sarafu imelala humo. Mchanga wa kawaida una uzito wa mara 2.65 ya maji, fedha mara 10.5, na dhahabu safi mara 19.3. Wimbi linapoutibua mchanga na kuuzoa, sarafu haiendi nao. Inazama papo hapo, kila dhoruba ikiishusha kidogo, mpaka igote kwenye tabaka gumu la udongo au la makombe yaliyoshikamana. Ndiyo maana mtafutaji mzoefu haangalii mchanga mwingi kiasi gani umeondoka. Anaangalia kama tabaka lile limefunuliwa. Mahali ambapo mchanga mpya umemwagwa kuzuia mmomonyoko, hata dhoruba kali inaweza isilifikie.

Mashine yenyewe hufanya kazi kwa sumaku. Koili yake hupeleka uga wa sumaku ardhini, metali iliyofukiwa huamshwa na kutoa uga wake mdogo, na mashine huusikia. Tatizo ni kwamba mchanga uliolowa maji ya chumvi nao hupitisha umeme, kwa hiyo mashine ya kawaida hulia ovyo kwenye ukingo wa maji. Za pwani hupiga mapigo mafupi ya umeme, zikanyamaza, kisha zikasikiliza. Mwitikio wa chumvi hufifia upesi kuliko ule wa sarafu.

Hata ikilia, macho yanaweza kumdanganya mtu. Dhahabu hutoka baharini inang'aa kama ilivyoingia. Fedha huliwa na chumvi, ikageuka kipande cheusi chenye kingo zisizo sawa, kwa kuwa sarafu zile zilikatwa na kugongwa kwa mkono. Bila shaka nyingi zimetupwa baharini zikidhaniwa mawe.

Aliyenivutia kuliko wote katika habari hii ni Kip Wagner, mjenzi wa nyumba. Baada ya dhoruba aliokota sarafu, lakini hakuishia kuzihesabu. Alizisoma, akaona hakuna hata moja iliyopita mwaka 1715. Rafiki yake daktari, Kip Kelso, akapata kwenye maktaba ya taifa ya Marekani kitabu cha Bernard Romans cha mwaka 1775, chenye ramani inayoonyesha mahali msafara ulipoangamia. Mei 1964, kundi la Wagner na la mtafuta hazina mwenzake, Mel Fisher, yalikuta sarafu za dhahabu zaidi ya 1,000 zimetandazika chini ya bahari. Tarehe zilizosomwa kwa makini ziliwafaa kuliko mashine.

Sisi wa pwani hii tunahusika pia. Mwaka 1944, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa kwenye ufukwe wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Kwa kuwa aliweka alama kwenye ramani, watafiti waliweza kurudi huko mwaka 2013. Bila alama ile, zingebaki vipande vya shaba tu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta sarafu ya kale Kilwa, Bagamoyo au Malindi, usiisugue wala kuiuza. Piga picha, weka alama mahali ilipolala, utoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho. Sheria za Tanzania na Kenya zinataka hivyo.

Wiki ijayo tutakuwa Mombasa, mbele ya Ngome ya Yesu, ilikozama Santo António de Tanna mwaka 1697.