Riwaya inayomkosesha binti usingizi

Saa sita usiku taa ya chumbani bado inawaka, na kesho ni shule. Mama anaingia akijua atakuta simu chini ya shuka. Anakuta riwaya.

Kama ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, asishangae. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaruhusiwa tena. Marufuku huongeza hamu ya kufungua kitabu, lakini haimfikishi mtu ukurasa wa mwisho.

Kinachomshika msomaji kinaanza na jambo dogo. Rosa, binti wa kijijini Ukerewe, anaandikiwa barua na mvulana. Baba yake, Zakaria, mlevi wa kupindukia, anaipata na kumpa kipigo. Hakuna anayekaa naye amweleze kuhusu wavulana wala kuhusu mwili wake. Anachojifunza ni kuogopa. Baadaye anakwenda shule ya bweni, mbali na macho ya baba, na hapo msomaji anaanza kuingiwa na wasiwasi. Woga ule utamlinda mpaka lini?

Matukio mengi peke yake hayatoshi. Kitabu kinaweza kujaa mauaji na mapenzi, na bado msomaji akasinzia. Atakesha pale anapomjali mtu, huku akiona shimo ambalo mtu huyo halioni, wala hana namna ya kumwita arudi nyuma. Tena Zakaria si zimwi la hadithini. Ni baba anayejulikana mtaani, pengine hata ndani ya nyumba hiyo hiyo yenye taa inayowaka, na binti wa miaka 16 analiona hilo haraka kuliko wazazi wake.

Mwisho wa riwaya ni mzito: Rosa anajiua. Kwa hiyo kumnyang'anya binti kitabu akiwa katikati, au kumwachia amalize peke yake na kukaa kimya, vyote viwili vinamrudisha kwenye ukimya uleule wa nyumbani kwa Rosa. Usingizi nao una umuhimu wake; taa izimwe, kitabu kisubiri kesho.

Asubuhi, wakati wa chai, mama anaweza kuuliza bila sauti ya mtihani: "Umefika wapi? Ile barua baba yake ameshaiona?"