Katiba ya Marekani, Amri ya Rais na Jamaa Zetu Walioko Huko



Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara ni hili: kama Katiba ya Marekani inalinda dini ya kila mtu, vipi rais wao aliweza kuwafungia mlango watu wa nchi za Kiislamu, na mahakama yao ikaliridhia jambo hilo? Wengine huuliza kwa njia nyengine: nani khasa mwenye mamlaka kule, rais, majaji au bunge? Si maswali ya kupitishia muda barazani. Zipo nyumba Unguja na Pemba ambazo mume yuko Ohio na mke yuko Wete, na wapo wazee wanaosubiri kuitwa na watoto wao mwaka wa tatu sasa.

Tumeona njia nyepesi ya kueleza ni kuifuata amri moja ya rais tangu ilipotiwa saini hadi ilipofutwa, kwani njiani ilipita karibu kila chombo cha dola ile. Lakini kwanza tuvitaje vyombo vyenyewe.

Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787 mjini Philadelphia na watu waliokuwa wametoka kupigana na mfalme wa Uingereza, na hofu yao kubwa ilikuwa mamlaka yote kukaa kwenye mkono mmoja. Ndiyo maana waliyagawa mafungu matatu: bunge, ambalo wao huliita Kongresi, linatunga sheria, rais anazitekeleza, mahakama zinazifasiri. Kifungu cha kwanza cha Katiba, nacho ndicho kirefu kuliko vyote, kinahusu Kongresi. Rais anakuja kifungu cha pili. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu taarifa za habari hutuonesha rais peke yake.

Kongresi ina mabaraza mawili. Moja ni Baraza la Wawakilishi (lisichanganywe na letu la Chukwani), lenye wajumbe 435 wanaogawanywa kwa wingi wa watu na kuchaguliwa kila baada ya miaka 2. La pili ni Seneti, yenye wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo, na kila mmoja hukaa miaka 6. California yenye watu karibu milioni 39 ina maseneta wawili, na Wyoming ambayo haifikishi watu 600,000 nayo ina wawili. Mswada hauwi sheria mpaka upite mabaraza yote mawili kwa maneno yale yale, kisha rais autie saini. Akiukataa, unaweza kupita bila ya ridhaa yake, lakini kwa theluthi mbili ya kila baraza. Miswada mingi hufia njiani.

Na neno "jimbo" nalo linataka maelezo, kwa kuwa kwetu jimbo ni la uchaguzi tu. Jimbo la Marekani lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake, polisi wake na mkuu wake anayeitwa gavana. Yapo 50. Mambo ya vita, sarafu na uhamiaji ni ya serikali kuu ya Washington. Mambo ya ndoa, talaka, mirathi na skuli kwa sehemu kubwa ni ya majimbo. Sisi tuliokulia ndani ya Muungano wenye serikali mbili hatupati tabu kufahamu kwamba watu wanaweza kubishana miaka na miaka juu ya lipi liko upande gani.

Sasa tuje kwenye amri yenyewe.

Disemba 2015, Donald Trump akiwa mgombea, alitoa tamko la kutaka Waislamu wazuiwe kabisa kuingia Marekani. Mwaka uliofuata alishinda uchaguzi ingawa mpinzani wake alipata karibu kura milioni 3 zaidi yake, kwa sababu rais wa Marekani hachaguliwi moja kwa moja kwa wingi wa kura za wananchi. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua rais. Jumla yao ni 538, na anayefikisha 270 ndiye mshindi.

Siku ya Ijumaa, 27 Januari 2017, wiki moja tu baada ya kuapishwa, alitia saini amri ya kuwazuia kwa siku 90 raia wa Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Watu waliokuwa angani wakati amri inasainiwa walishuka wakakuta mlango umefungwa. Ijumaa iliyofuata, jaji mmoja wa mahakama ya serikali kuu mjini Seattle aliisimamisha nchi nzima, baada ya jimbo la Washington kufungua kesi dhidi ya serikali ya rais. Ndege zikaanza tena kuwachukua watu. Kwa wengi wetu ilikuwa ajabu: jaji mmoja anamzuia rais, na rais anatii huku analalamika. Lakini majaji wa serikali kuu kule huteuliwa na rais, wakathibitishwa na Seneti, na baada ya hapo hukaa kwenye kiti maisha yao yote. Hawana wa kumuogopea kazi.

Rais aliandika amri ya pili mwezi Machi, akaitoa Iraq. Mara hii kesi ilitoka Hawaii, jimbo ambalo lote ni visiwa. Pamoja na jimbo, mlalamikaji alikuwa imamu wa msikiti wa Honolulu, ambaye mama mkwe wake alikuwa Syria akisubiri viza. Huyo mama mkwe alikuwa na kazi kubwa katika kesi. Mahakama za Marekani hazimsikilizi mtu anayesema tu kwamba sheria fulani ni mbaya. Lazima aoneshe kwamba yeye mwenyewe imemdhuru. Imamu alionesha familia yake inavyotenganishwa, jimbo likaonesha chuo kikuu chake kinavyokosa wanafunzi na walimu, na amri ikasimamishwa tena.

Septemba 2017 ikaja amri ya tatu, isiyo na kikomo cha muda. Sudan iliondolewa, zikaongezwa Chad, Korea Kaskazini na Venezuela. Hii ndiyo iliyofika Mahakama ya Juu yenye majaji 9, na tarehe 26 Juni 2018, kwa kura 5 dhidi ya 4, rais akashinda.

Hapa ndipo penye jibu la swali tulilolianza. Marekebisho ya kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanasema Kongresi isitunge sheria ya kuifanya dini yoyote kuwa ya dola wala ya kumzuia mtu kuifuata dini yake. Wawili kati ya majaji wanne waliopinga walisema maneno ya rais wakati wa kampeni yanaonesha wazi kwamba lengo lilikuwa Waislamu. Watano walisema amri haikuitaja dini, imetoa sababu za usalama, na mahakama haina desturi ya kuingilia sana mambo ya nani aingie nchini. Na jambo walilolitegemea zaidi lilikuwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952, ambamo Kongresi yenyewe ilimpa rais uwezo wa kuzuia kundi lolote la wageni akiona kuingia kwao kuna madhara kwa nchi. Kwa maneno mengine, ufunguo wa mlango ule rais hakuuiba. Alikabidhiwa, miaka 65 kabla, na watu ambao hawakufikiri utatumiwaje.

Kwa rai yetu hili ndilo linalopotea katika mazungumzo mengi. Tunamtazama rais, tunawatazama majaji, na sheria ya Kongresi iko pale chini inafanya kazi kimya kimya. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuupunguza uwezo huo mwaka 2020, na tena Aprili 2021. Mara zote mbili haukupita Seneti. Sheria ya 1952 ingalipo.

Kilichoiondoa amri ni kura. Joe Biden alishinda uchaguzi wa 2020 na akaifuta siku aliyoapishwa, 20 Januari 2021. Amri ya rais mmoja hufutwa na kalamu ya rais mwengine. Ndiyo udhaifu wake na, kwa waliokuwa wakingoja, ndiyo rehema yake.

Kabla ya kufutwa ilitugusa na sisi. Mwisho wa Januari 2020 Tanzania iliongezwa kwenye orodha, si kwa viza zote bali kwa zile za bahati nasibu ambazo watu wetu huzijua kwa jina la "grini kadi". (Hukumu ya kidini ya kushiriki ina jibu lake, hatuiingii hapa.) Viza hizo ziliwekwa na sheria ya Kongresi ya mwaka 1990, hadi 55,000 kwa mwaka, na sheria hiyo hiyo inasema aliyeshinda lazima apewe viza kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Septemba. Siku hiyo ikipita, ushindi wake umekufa, hata kama kuchelewa si kosa lake.

Trump aliporudi madarakani, Juni 2025, alitoa katazo jipya kwa kutumia sheria ile ile: nchi 12 zilifungiwa kabisa, zikiwemo Somalia, Sudan na Yemen, na 7 zikawekewa vikwazo, ikiwemo Burundi. Orodha hizi hubadilika, kwa hiyo mtu asitegemee aliyoyasikia mwaka jana. Na mwezi huo huo Mahakama ya Juu iliwapunguzia majaji wa chini uwezo wa kusimamisha amri ya rais kwa nchi nzima katika kesi ya watu wachache. Yaliyotokea Seattle mwaka 2017 leo yangekuwa magumu zaidi.

Ili tusiwe tumesema upande mmoja, sheria za Kongresi pia zimewahi kuwatetea Waislamu. Mwaka 2015 binti wa Kiislamu wa Oklahoma aliyenyimwa kazi ya dukani kwa sababu ya hijabu alishinda Mahakama ya Juu kwa kura 8 dhidi ya 1. Alishinda kwa sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, inayomkataza muajiri kumbagua mtu kwa dini yake. Mwaka huo huo mfungwa Muislamu wa Arkansas aliruhusiwa kufuga ndevu za nusu inchi, majaji wote 9 wakiwa pamoja naye, kwa sheria ya mwaka 2000. Wote wawili walikwenda mahakamani na sheria ya bunge mkononi, si kwa maneno matukufu ya Katiba peke yake.

Yako mawili matatu ya kifamilia ambayo wazazi wanatakiwa wayajue. Kwa kuwa dola haiwezi kuwa na dini, Marekani hakuna Kadhi anayeteuliwa na serikali. Nikaha iliyofungwa na sheikh msikitini ni ndoa mbele ya Allah ikitimiza masharti, lakini kwa kawaida jimbo haliitambui mpaka wanandoa wachukue kibali cha ndoa, mfungishaji akitie saini na kirejeshwe kusajiliwa. Talaka iliyotamkwa na mume haihesabiwi na jimbo bila ya hukumu ya mahakama yake. Tumeona mabinti ambao kwa dini wameshamaliza eda na kwa karatasi za jimbo bado ni wake za watu, na siku wanapotaka kuolewa tena ndipo mambo yanapokwama. Ndoa ya mke wa pili haitambuliwi na jimbo lolote, na sheria ya uhamiaji inamzuia anayekwenda kule kwa nia ya kuishi na wake zaidi ya mmoja. Mzazi anayeletewa posa ya binti yake na kijana aliyeko Marekani ana haki ya kuuliza mapema kama ndoa itasajiliwa, tena jimbo gani.

La mwisho ni foleni ya kuitana. Raia wa Marekani aliyefikisha miaka 21 anaweza kuwaombea wazazi wake, na wazazi, mume, mke na watoto wadogo wa raia hawana kikomo cha idadi kwa mwaka. Mwenye grini kadi ambaye bado hajawa raia hawezi kuwaombea wazazi. Anaweza kumuombea mume au mke na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, nao kwa foleni. Kaka na dada wa raia wametengewa viza 65,000 tu kwa mwaka kwa dunia nzima, ndiyo maana ndugu husubiri zaidi ya miaka kumi. Namba hizo hazikupangwa na ofisa wa ubalozi wa Dar es Salaam, na hakuna wakala wa Darajani anayeweza kuzisogeza, hata alipwe kiasi gani.

Wallahu aalam.